Upepo wa Joto, Upepo wa Baridi: Utangulizi wa Elimu ya Pepo za Kikanda

Mwanafunzi wa jiografia katika shule zetu hukutana na pepo za kikanda kwenye jedwali lenye safu mbili. Upande mmoja ziko pepo za joto: Foehn ya milima ya Alps, Chinook ya Marekani, Sirocco na Khamsin za Sahara, Harmattan ya Afrika Magharibi. Upande wa pili ziko za baridi: Mistral ya Ufaransa na Bora ya pwani ya Adriatiki. Hukariri majina, hufanya mtihani, na wengi hawazirudii tena. Utangulizi huu ninamwandikia huyo aliyekariri akabaki na kiu. Ninawaandikia pia nahodha, mkulima na mwalimu ambao hawakuwahi kuliona jedwali hilo lakini wanaujua upepo kwa ngozi zao. Karibuni nyote. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba jedwali lile limeficha jambo tamu kuliko yote katika elimu hii. Karibu kila upepo uliomo ungeweza kuhamia safu ya pili kama ungezaliwa kwingine, ungepita njia nyingine, au ungewakuta watu wakati mwingine wa mwaka.

Tuanze na pepo zetu wenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Hewa yake huanza safari Arabuni na Bara Hindi wakati nchi hizo zimo katika majira ya baridi na ardhi yake imepoa. Kwa kuzaliwa, basi, kaskazi ni mwana wa baridi. Lakini muulize mtu wa Unguja au Mombasa mwezi wa Februari atakwambia kaskazi ni jasho na usiku wa kulala madirisha wazi. Kilichotokea katikati ni bahari. Hewa ile imepita siku kadhaa juu ya maji yenye vuguvugu ikiyachota joto kidogo kidogo, na inapofika kwetu inakuta jua liko upande wa kusini, nayo bahari ya pwani imefikia nyuzi 28 au 29 za Selsiasi. Asili yake imefutika njiani.

Kusi huanza kushika kasi baada ya Aprili. Hutoka penye mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Maskarene, yaani Morisi na Reunion. Huko ni majira ya baridi, bahari inayoipita nayo imepoa, na huku kwetu jua limekwenda kaskazini. Njiani hakuna kitu cha kuipasha joto vya kutosha. Ndiyo maana kusi hufika na ubaridi wake, tukapata kipupwe, na Nairobi ya mwezi wa Julai ikafunikwa na mawingu mazito hata jua lisionekane siku nzima. Manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba wakarudi na kusi walijua mabadiliko haya kabla ya chombo chochote cha kupimia. Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu nyakati za kuondoka bandarini kufuatana na misimu hiyo. Mwingereza Edmond Halley alichora ramani ya pepo za misimu mwaka 1686, na hakuwa na budi kutegemea habari za mabaharia.

Kusi haiishii Lamu. Ikivuka ikweta hupinda kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, ikazidi kasi kando ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, ikatoka Somalia kwenda Bara Hindi. Mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alieleza mkondo huo mwaka 1969, na mpaka leo wanasayansi wengi huuita kwa jina lake. Mkondo huo una nguvu za kusukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani ya Somalia na Omani, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi. Hewa inayopita juu ya maji hayo hupozwa kwa mara ya pili. Msomaji mwenye ndugu Omani atakuwa amesikia matokeo yake: Julai, Maskati inapochomwa na joto la nyuzi 40 na zaidi, Salala iko chini ya ukungu na manyunyu, vilima vyake vimekuwa kijani, na jotoridi lake liko karibu na nyuzi 26. Watu husafiri kutoka Ghuba yote kwenda kupunga hewa ambayo majuma machache nyuma huenda ilikuwa ikipita mashariki ya Madagaska.

Kwa hiyo jambo la kwanza linaloamua joto la upepo ni kile ulichokigusa njiani: bahari, jangwa, barafu, msitu wenye maji. Hili ni rahisi kulielewa. La pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo mlango wa elimu hii yote.

Hewa inaweza kubadili joto lake bila kugusa chochote. Aliyejaza upepo tairi ya baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto chini, pale hewa inapobanwa. Na hewa ikitolewa kwenye tairi kwa ghafla, inatoka imepoa. Hewa ya angani hufanya hivyo hivyo kwa kupanda na kushuka. Juu mgandamizo ni mdogo, kwa hiyo hewa inayopanda hutanuka na kupoa. Inayoshuka hubanwa ikapata joto. Kiasi chake hakibadiliki: hewa isiyotoa matone hupoteza au hupata karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja ya kupanda au kushuka. Ikiwa mvuke wake unageuka kuwa wingu inapopanda, joto lililofichwa ndani ya mvuke huachiliwa, na upoaji hupungua hadi nyuzi 5 au 6 kwa kilomita.

Chukua mji wa Iringa, ulio takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi yenye nyuzi 18 Iringa, watu wanavaa makoti. Lakini hewa ile ile, kama ingeshushwa upesi hadi Dar es Salaam bila kuchanganyika na nyingine, ingefika ikiwa na nyuzi 34. Ukiitazama hivi, hewa ya Iringa ina joto kuliko ya Dar es Salaam. Wataalamu hupenda kufanya hesabu hii kwa kila hewa wanayoipima: huishusha kwa karatasi hadi mgandamizo wa hektopaskali 1,000, karibu na usawa wa bahari, ndipo huilinganisha na hewa nyingine. Ukizoea hesabu hii moja, nusu ya mafumbo ya pepo za milimani yatafunguka yenyewe.

Foehn ilikuwa mojawapo ya mafumbo hayo. Katika mabonde ya Uswisi na Austria, upepo mkavu wa joto hushuka kutoka milimani katikati ya baridi, ukayeyusha theluji kwa saa chache na kukausha mbao za nyumba. Mwaka 1861 mji wa Glarus uliungua sehemu kubwa kwa moto uliopepewa na Foehn. Waswisi wengi waliamini joto hilo linatoka Sahara. Upepo unatoka kusini, Sahara iko kusini, na mtu angetaka ushahidi gani tena? Ndipo mwaka 1866 Julius Hann, mwanasayansi wa Austria, alipoonyesha kwamba jangwa halihitajiki. Kushuka kwenyewe kunatosha. Magharibi mwa Greenland pia hupata pepo za joto zinazoshuka kutoka bara la ndani, na ndani ya Greenland hakuna jangwa la mchanga. Kuna barafu tupu.

Maelezo ya darasani yaliyotokana na kazi hiyo yanavutia. Hewa yenye nyuzi 20 inapanda mlima wa kilomita tatu. Kilomita ya kwanza ni kavu, inafika nyuzi 10. Mbili zinazofuata zina mawingu na mvua, inafika kileleni na nyuzi 2 chini ya sifuri. Upande wa pili inashuka kilomita tatu ikiwa kavu, inafika bondeni na nyuzi 28. Imeacha maji ikabaki na joto. Hesabu ni sahihi, lakini ninamwomba msomaji asiridhike nayo, kwa sababu mara nyingi Foehn huvuma bila tone la mvua upande wa mlima ule upepo unakotoka. Hewa ya chini huko huwa imezuiwa na ukuta wa mlima, haipandi kabisa. Kinachoshuka bondeni ni hewa iliyokuwa juu tangu mwanzo, ambayo kwa ile hesabu ya Iringa ilikuwa na joto kuliko ya bondeni. Vitabu vingi vya shule bado vinasimulia njia ya mvua peke yake, na hilo linanisikitisha, maana njia ya pili ndiyo inayotufundisha zaidi.

Upande wa mashariki wa milima ya Rocky, upepo wa jinsi hii huitwa Chinook. Tarehe 22 Januari 1943, asubuhi, mji mdogo wa Spearfish katika jimbo la South Dakota ulikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Dakika mbili baadaye kipimajoto kilisoma nyuzi 7 juu ya sifuri. Kiliendelea kupanda hadi 12, kisha upepo ukakatika na baridi ikarudi ile ile ndani ya dakika 27. Hewa baridi ilikuwa imetanda chini kama kawaida ya majira yale. Chinook iliisukuma kando, ikaiachia nafasi, ikaisukuma tena. Wakazi hawakupata hewa iliyopashwa joto kwa dakika mbili. Walibadilishiwa hewa.

Sasa Bora. Hushuka kutoka nyanda za ndani za Balkani hadi pwani ya Kroatia na mji wa Trieste nchini Italia, ambako zamani kamba zilifungwa kando ya njia ili wapita njia wazishike. Nayo inashuka mlima. Nayo hupata nyuzi 10 kwa kilomita, kwa kanuni ile ile isiyobagua. Kwa nini basi ni baridi? Kwa sababu ilianza na baridi kali mno. Hewa iliyotulia bara katika nyuzi 10 chini ya sifuri, ikishuka kilomita moja, inafika pwani ikiwa na sifuri. Nayo pwani ilikuwa na nyuzi 8 au 9. Imepata joto njiani na bado imewaletea watu baridi. Mistral ya bonde la Rhône ina undugu na hiyo, ingawa inategemea zaidi kubanwa kati ya Alps na Massif Central. Watu wa Provence waliijibu kwa kujenga nyumba zao zikiwa zimeipa kisogo na kupanda safu za miti mirefu ya saipresi kukinga mashamba.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya kweli kati ya upepo wa joto na wa baridi milimani. Hewa ya Bora, hata baada ya kubanwa, ni nzito kuliko ile inayoikuta pwani. Hushuka kwa uzito wake, na mlima huiongezea kasi. Hewa ya Foehn ingekuwa nyepesi kuliko hewa ya bondeni. Kwa hiari yake isingeshuka kamwe. Inahitaji kusukumwa na tofauti ya mgandamizo kati ya pande mbili za mlima, na mawimbi ya hewa yanayoundwa juu ya kilele. Upepo wa baridi huanguka. Upepo wa joto hushushwa. Ukitaka kuona kuanguka kwenyewe katika ukali wake wote, tazama Antaktika. Hewa iliyopozwa juu ya barafu humiminika kuelekea pwani usiku na mchana, na kambi ya Douglas Mawson huko Cape Denison, kati ya 1912 na 1913, ilirekodi wastani wa mwaka mzima karibu kilomita 80 kwa saa. Wastani, si kilele.

Upepo mmoja hukataa kukaa upande wowote, nao ni Santa Ana wa California. Huzaliwa baridi, katika nyanda za juu kavu za Nevada na Utah, mara nyingi nyuma ya hewa baridi iliyotoka kaskazini. Hushuka zaidi ya kilomita moja kupitia mapengo ya milima na kufika Los Angeles ukiwa na joto na ukavu wa kutisha, unyevu wa hewa wakati mwingine ukiwa chini ya asilimia 10. Mioto mikubwa iliyoteketeza maeneo ya Palisades na Altadena kuanzia tarehe 7 Januari 2025 ilipepewa na pepo za namna hii. Uzito wa baridi uliusukuma, mteremko ukaupa joto. Ningeulizwa upangwe safu ipi, nisingejibu.

Afrika ina mifano yake, na inastahili kusomwa kabla ya ile ya Ulaya. Pwani ya Afrika Kusini, katikati ya majira ya baridi, Durban inaweza kuamkia siku ya zaidi ya nyuzi 30 kwa sababu ya upepo unaoshuka kutoka uwanda wa ndani; wenyeji huuita upepo wa Berg, yaani wa mlimani. Siku moja au mbili baadaye hewa baridi hufika kutoka baharini, upepo ukageuka, na jotoridi likaporomoka. Kisha mgandamizo mkubwa unaofuata nyuma yake husogea kuelekea mashariki na kusukuma hewa baridi yenye unyevu kupitia Msumbiji. Inapopanda nyanda za Thyolo na Blantyre nchini Malawi, hupoa zaidi, hugeuka ukungu na manyunyu yasiyokatika, na Wamalawi huuita Chiperoni kwa jina la mlima Chiperone ulioko Msumbiji. Masalia yake huweza kusikika hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mfumo mmoja wa hewa, kwa juma moja, umewapa watu wa pwani joto la kiangazi na watu wa chai ya Thyolo blanketi.

Pepo za jangwani nitazipitia haraka. Sirocco hutoka Sahara kavu kabisa, lakini ikivuka Mediterania hunywa maji, na watu wa Malta na Sicilia huipata kama fukuto. Shamal ya Iraki na Ghuba huvuma kutoka kaskazini-magharibi majira yote mawili: kiangazi huleta joto na vumbi, wakati wa baridi huja nyuma ya hewa iliyopoa na kuwafanya wafanyakazi wa Doha na Kuwaiti watafute sweta. Upande ni ule ule, jina ni lile lile.

Harmattan inahitaji maneno mawili zaidi, kwa kuwa jedwali limeidhulumu. Imeandikwa upepo wa joto kwa vile inatoka Sahara. Lakini asubuhi ya Januari mjini Kano watu huota moto na kujifunika. Hewa kavu haizuii joto la ardhi kupotea angani usiku, na vumbi linalotoka bonde la Bodélé nchini Chadi hupunguza jua mchana. Pwani ya Guinea, ambako unyevu huchosha mwaka mzima, wageni wa zamani waliipa jina la Daktari, kwa kuwa ukavu wake ulikausha jasho na kuwapa nafuu. Mwili wa binadamu haupimi jotoridi peke yake. Hupima pia jinsi jasho linavyokauka na jinsi upepo unavyoiondoa hewa iliyoizunguka ngozi. Ndiyo maana mtafiti wa fani hii hawezi kuridhika na kipimajoto kimoja.

Vyombo vya kuanzia si vya gharama kubwa. Kipimajoto kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji, vikiwekwa kivulini pamoja, hutoa unyevu wa hewa. Baromita huonyesha mgandamizo. Bendera na dira huonyesha upande. Upepo ulioshuka mlimani hujitambulisha kwa dalili tatu zinazokuja pamoja: jotoridi linapanda, unyevu unashuka ghafla, upande unageuka. Upepo wa baharini ukiingia bara mchana, upande hugeuka pia, lakini unyevu hupanda na joto hupungua. Mtu akizoea kuzisoma dalili hizo pamoja, ameingia katika fani.

Na kwetu kazi iliyobaki ni kubwa. Korido ya Turkana, kati ya nyanda za Kenya na za Ethiopia, ina upepo mkali na wa kutegemewa kiasi kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme imesimikwa karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo huo umechunguzwa kwa sababu una thamani sokoni. Pepo nyingine nyingi zinajulikana tu kwa wanaoishi nazo. Kwenye Ziwa Viktoria upepo wa usiku kutoka nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuzusha ngurumo zinazoua wavuvi. Pwani, wavuvi hutofautisha matlai na umande, hujua maleleji ni wakati gani na demani huanza lini, na hutabiri siku yao kwa maarifa hayo. Lugha yetu ina msamiati wa upepo uliokomaa, uliojengwa na watu walioweka maisha yao juu yake, na sayansi itakayoandikwa kwa Kiswahili ina wajibu wa kuanza nao.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu na wanafunzi ni hili. Fungueni daftari shuleni. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa mchana, andikeni upande wa upepo, jotoridi, unyevu, hali ya mawingu, na jina ambalo wazee wa mahali hapo wanaupa upepo wa siku hiyo. Msiache siku ya kawaida bila kuiandika kwa kuona haina la ajabu. Mkishapita kaskazi mbili na kusi mbili, pelekeni nakala kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa Idara ya Hali ya Hewa Kenya, au kwa ofisi iliyo karibu nanyi, na nakala nyingine ibaki maktaba ya shule.